Nilihamia kwa Mkwe Wangu kwenye Karatasi

Hii nawaambia mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, maana huko Homa Bay wako watu ambao mpaka leo wakiniona sokoni wanaziba mdomo kwa leso, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, mpaka kuna habari moja (niliisikia kwa masikio yangu nikiwa kwenye foleni ya sukari) kwamba nilikutwa jikoni kwa mkwe wangu nikisonga ugali. Huo ni uongo. Aibu niliipata, sikatai, tena niliipata mchana kweupe mbele ya wazazi karibu mia mbili na kipaza sauti, lakini ilikuwa aibu yangu, niliishona kwa mkono wangu, kwa hiyo niacheni niivae ninavyotaka.

Ilikuwa miaka ya tisini, siku ambazo simu ya mkononi hatujaiona hata kwa picha. Nilikuwa nimetoka Muhuru Bay na binti yangu Awuor, aliyekuwa anaingia darasa la sita, pamoja na magunia yangu ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu wanunuzi wenye malori walikuwa wanakuja Homa Bay, na kwa sababu shule aliyokuwa akisoma ilikuwa na mwalimu mmoja kwa madarasa matatu, na mwalimu mwenyewe siku ya soko haonekani. Mume wangu alikuwa kisiwani Remba na nyavu zake, anakuja mara moja kwa mwezi, na maoni yake kuhusu elimu yalikuwa mafupi: ubao ni mweusi kila mahali. Alichotaka yeye ni tupange chumba cha bei ya chini, tuweke akiba, tununue ploti moja aliyokuwa ameiona njia ya sokoni.

Na mambo ya nyumba yalikuwa hivi. Juu, karibu na nyumba za wafanyakazi wa serikali, kulikuwa na shule ambayo kila mwaka watoto wake wanachukuliwa na shule kubwa za kitaifa, walimu wanafunga tai, madirisha yana vioo, na kwa sababu ya shule hiyo kila mwenye nyumba wa huko alikuwa amepandisha kodi mpaka mtu akijenga choo anatafuta mpangaji (natia chumvi, lakini kidogo tu). Chini, mtaa wa Shauri Yako, kodi ya mwezi mmoja wa huko juu ilikulaza miezi mitano, ukifungua mlango unaona ziwa, omena unaanika hapohapo, lakini watoto walikuwa tisini katika darasa moja na walimu, hata wakijitahidi namna gani, walikuwa wanafundisha migongo ya watoto wanaogombania dawati. Watu wenye busara walichagua moja. Ulipe nyumba ya juu upate shule ya juu, au ukae chini uchukue ya chini na ununue ploti yako. Mimi nikataka nyumba ya chini na shule ya juu, na mpaka leo sioni ubaya wa kutaka hivyo. Sokoni nikitaka sukuma wiki nzuri kwa bei ndogo hakuna anayeniita mwizi.

Siku ya kuandikisha, Awuor alikuwa ameshafanya mtihani wa kuingia na kuupita, wa tatu kati ya wote waliofanya. Nikapanga foleni kwenye dirisha la karani nikijua kazi imekwisha. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akaulizwa anakaa wapi, akataja mtaa wake wa chini bila wasiwasi, na karani akamrudishia karatasi zake. "Watoto wa chini wako na shule yao, mama. Kamati imesema hapa ni ya wakaaji wa hapa." Mwanamke yule akaondoka na mtoto wake, na mtoto akageuka mara mbili kuangalia yale madirisha ya vioo. Kisha karani akaniuliza mimi. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja tu, nikaivuta, nikasema nyumba nambari kumi na saba. Akaandika, akapiga muhuri, akaita anayefuata.

Sasa nyumba nambari kumi na saba ilikuwa ya Fred, karani wa ofisi ya barabara, na Fred alikuwa amemwoa Beatrice, binti wa dada yangu mkubwa. Ilikuwa nambari pekee niliyoijua huko juu, kwa sababu nilikuwa nampelekea Beatrice omena mpaka kwenye geti. Wale ambao si Wajaluo wataniuliza, basi shida iko wapi, si ni watu wa nyumbani? Hiyo ndiyo shida yenyewe. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hakuna nusu, kwa hiyo mume wake ni mkwe wako na wewe ni *maro* wake, mama mkwe, na mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hamshikani mkono, hamkai karibu, akija kwa njia hii wewe unapita ile. Na kulala ndani ya nyumba yake, hilo hata mlevi hafanyi, maana unamletea binti yako mkosi ndani ya ndoa. Katika nyumba zote za Homa Bay nilikuwa nimechagua ile moja ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angejua siwezi kuwa naishi.

Nilipomweleza Beatrice alishika kichwa akakaa chini kwenye gunia. Lakini nilimlea yule msichana miaka miwili mama yake alipokuwa mgonjwa, hakuweza kunikatalia, akakubali kwa sharti kwamba Fred asijue kitu. Na hapo mila zilitusaidia (ndiyo, nilizitumia, mnicheke), kwa sababu Fred hata angetaka kuniuliza jambo asingeweza kuniuliza uso kwa uso. Barua za shule zilipofika kumi na saba, Beatrice alizitia kwenye kikapu cha soko akaniletea chini ya nyanya. Awuor alipanda kile kilima kila asubuhi na viatu ndani ya mfuko, akifika kwenye mfereji wa maji ya bomba wa wale wa juu ananawa miguu tope la ziwani, anavaa soksi, anaingia darasani kama mtoto wa afisa. Aliniuliza mara moja kama huo si uongo. Mimi, mtu wa Sabato, mwimbaji wa kwaya, nikamwambia ni anwani tu. (Nilitubu baadaye. Kidogo.)

Ningekuwa na akili ningenyamaza kwenye mikutano ya wazazi nikakaa nyuma, lakini mdomo wangu mnaujua, muhula wa kwanza haujaisha nilikuwa nimepata marafiki watatu, wake za maafisa, wanawake wazuri tu, na kosa lao moja ni kwamba walipenda kusindikizana. Mkutano ukiisha tunatembea pamoja tukipiga soga, tukifika kumi na saba wanasimama, wananiaga, na hawaondoki mpaka wanione nimeingia. Basi naingia. Nafungua geti la mkwe wangu kwa mkono wangu, nasogea hatua tatu, najibanza nyuma ya ua wa ojuok (ule mti wa kijani usio na majani, ukiuvunja unatoa maziwa yanayochoma macho), nangoja sauti zao zipotee, natoka, nakimbia kuteremka Shauri Yako kuwahi kuanua omena kabla mvua haijanyesha.

Mara ya nne, nikiwa pale nyuma ya ua nimeinama, mlango wa bafu la nje ukafunguka. Fred akatoka na taulo. Taulo tu, wandugu, na povu kichwani, anaimba. Tukatazamana. Sijui nani aliogopa zaidi, najua yeye alirudi ndani ya bafu akagonga kichwa kwenye mlango wa bati, na mimi nilijitupa nyuma mzimamzima ndani ya ojuok, matawi yakakatika, maziwa yake yakaniingia jicho la kulia. Nilishuka kile kilima nikiona upande mmoja wa dunia. Kwa siku tano niliuza omena jicho limevimba, nikiwaambia wateja ni nyuki, na Fred kwa upande wake alimuuliza mke wake kwa adabu sana kama kuna jambo ambalo maro angependa kusaidiwa, kwa kuwa amemwona kwenye ua. Beatrice akamjibu kwamba nilikuwa natafuta kuku aliyepotea. Hapo ndipo mtu mwingine angeacha. Mimi nikaona kama tumelipita hilo, hakuna litakalotushinda.

Muhula wa pili ukaisha, Agosti, siku ya kufunga shule. Awuor akawa namba moja darasa la sita. Namba moja, mtoto wa omena, juu ya watoto wa daktari na wa benki, na kwa hiyo kulikuwa na zawadi, na kwa zawadi walikuwa wanaitwa mbele mtoto na mzazi wake pamoja. Nilivaa gauni langu la kwaya. Nilikaa safu ya pili na wale marafiki zangu watatu, kifua mbele, nimefurahi mpaka nimesahau kuogopa. Mgeni wa heshima alikuwa awe mkubwa wa ofisi ya barabara. Mkubwa alikuwa na safari ya Kisumu, akatuma mtu wa kumwakilisha, na mtu akaingia kwa koti la suti, akakaa kwenye kiti cha mgeni kando ya meza ya zawadi, na alikuwa Fred.

Niliinama kufunga kiatu kisicho na kamba. Nilikuwa bado nimeinama wakati mwenyekiti wa kamati, Mzee Onyango, mstaafu wa posta anayependa kipaza sauti kuliko chakula (kipaza sauti chenyewe kiliazimwa kanisani, kinaendeshwa na betri ya gari), alipotangaza kwamba wazazi wangependa kujua nyumba iliyotoa mtoto huyu mwerevu, ili wengine waige, na akasoma kwenye karatasi: Mama Awuor, wa nyumba nambari kumi na saba. Watu wakapiga makofi. Rafiki zangu wakanisukuma. Nikatembea mbele na mwanangu.

Fred alikuwa ameshasimama na beseni la plastiki lililojaa vitabu, akitabasamu kwa sababu alisikia nambari ya nyumba yake na bila shaka alidhani ni makosa ya karani. Kisha akaona ni nani. Akaweka beseni chini. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, macho kwenye nyasi kama inavyotakiwa, na hatua ya nne ikamkutanisha na meza ya soda, meza ikalala, kreti mbili zikavunjika, na soda ikatiririka mpaka kwenye viatu vya mwalimu mkuu. Mzee Onyango akamshika mkono akidhani ana malaria. Akamwambia ampe mama zawadi yake. Fred, ambaye sijawahi kumlaumu kwa hili, alisema taratibu kabisa, lakini kipaza sauti kilikuwa kati yao.

"Mzee, siwezi. Huyu ni maro wangu."

"Maro wako?" Mzee Onyango aliangalia karatasi yake. Akatuangalia sisi. "Na analala kwako?"

Bibi mmoja wa safu ya mbele aliweka mikono miwili kichwani kama aliyeletewa habari ya msiba. Halafu rafiki yangu mmoja, akitaka kunisaidia, Mungu amsamehe, akasimama akasema kwa sauti kwamba ni kweli naishi pale, wao wenyewe huniacha getini na kuniona nikiingia. Na Fred, maskini, nilimwona uso wake akikumbuka ua wa ojuok.

Nataka mwelewe vizuri nilikuwa nimesimama wapi. Nikikubali kwamba naishi kumi na saba, Awuor anabaki shuleni, lakini Beatrice anakuwa mwanamke ambaye mama yake analala chini ya paa la mume wake, na ndugu za Fred wangekuja wiki hiyohiyo kumrudisha kwao. Nikikataa, Beatrice anapona na Awuor anafukuzwa, pale, mbele ya watu, akiwa namba moja. Niliangalia mwanangu. Alikuwa anaangalia soksi zake nyeupe. Aibu ilikuja baadaye, wakati ule nilikuwa na hasira, hasira ya kwamba mtu mzima analazimishwa kuchagua kati ya watoto wake wawili kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Nikachukua kile kipaza sauti kwenye mkono wa Mzee Onyango.

"Sijawahi kulala kwa mkwe wangu," nikasema. "Hata siku moja. Nakaa Shauri Yako, chumba kimoja, kando ya ziwa, na huyu mtoto anapanda hapa kwa miguu kila siku. Nilidanganya mimi. Fred hakujua. Mke wake asiguswe na mtu kwa ajili yangu." Hapo ningenyamaza, lakini mnanijua. "Na mtihani hakuufanya kwa nyumba ya mtu. Aliufanya kwa kichwa chake, na hicho kichwa kinalala Shauri Yako."

Kicheko kikaanzia nyuma, kwa wanaume, kikaja kama mvua kwenye mabati. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Onyango alipokipata tena kipaza sauti alisema sheria ni sheria, mtoto arudi kwao chini, na zawadi isubiri uamuzi wa kamati. Nikaiendea ile zawadi mimi mwenyewe. Nililiinua beseni kutoka kwenye nyasi, nikamtwika Awuor, nikamwambia twende nyumbani. Tulipita katikati ya watu wote wale na soda ikinata kwenye viatu vyetu, na hakuna aliyethubutu kulishika lile beseni.

Kulia nililia, msidhani mimi ni jiwe. Nililia nyuma ya magunia ambapo mtoto hanioni. Dada yangu alipanda gari kutoka Kendu Bay kuja kunigombeza siku nzima, na nilistahili, nikampelekea Fred jogoo mwekundu kupitia kwa Beatrice kuomba radhi. Akampokea. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaenda kwa mwalimu mkuu jioni (mwalimu mkuu hakutaka kumpoteza namba moja wake, ila aliogopa kamati), wakazungumza, na ujumbe ukanifikia kwa mdomo wa Beatrice: mtoto atabaki, kama muhula wa tatu ukifunguliwa mama yake analala huko juu kweli, mwili na godoro. Na Fred alikuwa ameshanitafutia pa kulala. Si kwake, haiwezekani, bali nyumba mbili kutoka kwake, nyuma ya nyumba ya nesi mmoja mjane, stoo iliyokuwa ya makaa. Kodi ya stoo ile ilikuwa sawa na vyumba vitatu vya Shauri Yako. Ilikuwa ni ile stoo au ile ploti.

Nililipa stoo. Mume wangu alipokuja kutoka Remba na kukuta akiba ya ploti imegeuka kuwa chumba cheusi kisicho na dirisha, alipanda boti jioni hiyohiyo bila kulala, na mwezi uliofuata akaja na ndoo ya chokaa, akapaka kuta zote. Mfereji ulikuwa mmoja kwa nyumba sita. Fred akija na ndoo akinikuta pale, anageuka anarudi. Mimi nikimwona yeye kwanza, nageuka mimi. Kuna asubuhi tuligeuka wote wawili na maji yakachotwa na majirani mpaka yakaisha.

Siku ya kwanza ya muhula wa tatu, mwalimu mkuu na Mzee Onyango walikuja kuhakikisha. Waliinama kuingia. Walikuta kitanda kimoja juu ya matofali, magunia ya omena mpaka kwenye paa, na daftari za Awuor kwenye lile beseni. Mwalimu alifungua kalamu akasimama tu.

"Mama, mnalala hapa?"

"Ndiyo. Andika."

"Watu wawili?"

"Watatu, baba yake akitoka Remba. Andika hao pia."

Akaandika. Mzee Onyango alitoka nje kabla yake, akisema harufu ya omena inamkaba, na sikumwambia pole.

Tulikaa kwenye stoo ile mpaka Awuor alipomaliza darasa la nane, na shule aliyoitwa baada ya hapo ilikuwa na madirisha ya vioo mengi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Ile ploti leo ina ghorofa ya mtu mwingine, naipita kila siku nikienda sokoni, na kuna siku inaniuma, siwezi kuwadanganya. Niliapa, na kiapo changu kinasimama, kwamba sitaandika tena kwenye karatasi yoyote kwamba naishi nyumba ya mkwe. Ikibidi tena, nitatafuta nyumba ya mtu ambaye naweza kumshika mkono. Mengine siapi. Kicheko kilikuwa cha mchana mmoja na shule ilikuwa ya miaka mitatu, na mimi ni mwanamke wa soko, bei kama hiyo nikiikuta tena nalipa papo hapo.